Mbele ya Kutoa Makuta ya Lupango

Haya njo maneno ambayo komite yetu ilizungumza mu mkutano wa siku ya Posho, hapa Karavia. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wale wanaotusaidia toka mbali.



Tuanze na neno moja ili tusichanganyane. Hapa Lubumbashi "kuuza" njo kununua, na "kuuzisha" njo kumpa mwingine kitu akulipe. Wenzetu waliokaa Tanzania ao Kenya wanasikia kinyume. Leo tutasema "kununua" na "kuuzisha" tu, kwa sababu mu mambo ya lupango neno moja likigeuka, nyumba nayo inaenda.

Wengi wenu munajua habari ya mama mmoja wetu. Alikaa Ubelgiji miaka 19, akifanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa anatuma makuta kwa ndugu yake mdogo, amnunulie lupango na kumjengea. Ndugu hakuwa mwizi. Alinunua kweli, alijenga kweli. Lakini karatasi zote aliziandikisha kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa yeye njo alikuwa hapa na ilikuwa rahisi. Kisha akafa. Mama aliporudi alikuta mjane na watoto mu nyumba, na jina la marehemu mu karatasi. Mbele ya sheria ile nyumba ni urithi, na Kode ya familia inawapa watoto wa marehemu sehemu tatu juu ya nne. Mama alibaki na risiti za kutuma makuta. Sasa anapanga chumba, na miezi ya kwanza tulilipa kodi yake mu sanduku letu.

Hatumtaji ili tumcheke. Yeye mwenyewe alituomba tuseme, mwingine asipite njia ile.

Sasa, kwa nini sisi tuliotoka inje tunaanguka upesi? Kwa sababu tumezoea desturi ya kule. Ubelgiji, notere anatafuta kama nyumba iko na deni, anaandika mkataba, makuta yanapita mikononi mwake. Afrika ya Kusini kuko mwanasheria ambaye kazi yake ni hiyo ya kuhamisha nyumba toka jina moja kwenda jina lingine. Mtu anarudi hapa akifikiri kuko mtu wa namna ile, anayechunga kila kitu. Hapa kazi ile imegawanyika. Avoka anakushauri. Notere anatia muhuri wa Leta juu ya mkataba. Watu wa kadasteri wanapima mipaka. Konservatere wa titres immobiliers njo anaandika jina mu kitabu. Kila mmoja anafanya kipande chake, na hakuna mmoja ambaye kazi yake ni kukulinda wewe, kama hukumtafuta na kumlipa wewe mwenyewe. Mtu huyo ni avoka wako.

Basi namna gani kumchagua?

Kwanza, uliza kama jina lake liko mu tableau ya Barreau du Haut-Katanga. Unaweza kwenda kuuliza ku Barreau, si haya. Mtu anayevaa suti na kubeba faili si lazima avoka.

Pili, uliza anamfanyia kazi nani. Komisioneri akikuambia, "Usihangaike, niko na avoka wangu," mshukuru, kisha tafuta wako. Avoka wa mwenye kuuzisha hawezi kukuambia ubaya wa lupango ya mtu wake.

Tatu, uliza kama atakwenda yeye ku biro ya Affaires foncières kutafuta mu kitabu, na kama atakupa jibu kwa maandishi. Kopi ambayo mwenye kuuzisha anakuonyesha haitoshi, hata kama ina rangi na mihuri yote. Kitabu cha konservatere njo kinasema nani mwenye lupango, na kama kuko hipoteki ya benki ao kesi ya tribinali.

Nne, bei. Aandike honorere yake pembeni, na malipo ya Leta pembeni. Malipo ya Leta yana karatasi zake na risiti zake, zidai. Akikuambia jumla moja tu, "tutapangana kule kule," ogopa.

Tano, angalia kama anakubali kukuambia "usinunue". Avoka ambaye kila lupango anaiona nzuri hajafanya kazi.

Tuje ku karatasi. Sheria yetu ya udongo ni ya 20 Juillet 1973, ikabadilishwa 1980. Mu article 53 inasema udongo ni mali ya Leta. Sisi tunapata haki ya kuutumia, inaitwa concession. Article 219 inasema haki ile inasimama kwa karatasi moja tu, ile imeandikwa juu yake certificat d'enregistrement. Fiche parcellaire ya komini, karatasi ya shefu wa kartie, livret de logeur ya zamani, "acte de vente" mliyosaini mbele ya mashahidi: zote zinaweza kusaidia kuonyesha njia, lakini hazilingani na ile certificat. Lupango nyingi mu mji huu ziko na karatasi hizo ndogo tu. Hatusemi kila moja ni mbaya. Tunasema bei yake isiwe bei ya certificat, na avoka akuambie kwanza safari iliyobaki ni ya namna gani.

Na kama mwenye kuuzisha iko na certificat, bado hujamaliza siku ya kulipa. Unamaliza siku konservatere anafuta certificat ya zamani na kukutolea mpya kwa jina lako. Wanaitaka mutation. Wengi wanalipa, wanahamia, wanapika, wanasahau mutation. Miaka kumi inapita, mwenye jina anakufa, batoto yake banakuja kugonga mlango.

Mlituuliza maswali mengi. Haya njo yalirudi zaidi.

"Miye niko na pasipoti ya Ubelgiji. Naweza kununua?" Ndiyo, lakini si haki ile ile. Katiba yetu, article 10, inasema uraia wa Congo ni mmoja, haukai pamoja na mwingine. Ukichukua wa kule kwa kuomba, wa hapa unapotea, hata kama ulizaliwa Kamalondo na unazungumza vizuri kupita sisi. Concession perpétuelle, ile isiyo na mwisho, ni ya Mkongomani tu. Mgeni anapata concession ordinaire, haipiti miaka 25, inaweza kufanywa upya. Sheria ya uraia ya 2004 inafungua njia ya kuurudilia uraia. Mwambie avoka ukweli juu ya pasipoti yako siku ya kwanza. Ukimficha yeye, umejificha mwenyewe.

"Basi niandike jina la ndugu yangu?" Swali hili njo lilimwangusha mama yetu. Mwenye jina mu certificat njo mwenyewe. Pendo halimo mu kitabu cha konservatere. Ni afadhali miaka 25 kwa jina lako kuliko milele kwa jina la mwingine. Kama uko mbali, mpe ndugu procuration iliyopita ku notere ao ku ambasadi, iandikwe wazi: anunue kwa jina langu. Hapo anasaini yeye, lakini jina linaloingia ni lako.

"Baba mwenye nyumba anauzisha, bibi yake hayuko. Inaenda?" Hapana. Kode ya familia, article 499, inataka bwana na bibi wakubaliane wote wawili mbele ya kuuzisha, hata kama certificat iko na jina la bwana peke yake. Ngojea mama arudi, asaini. Akiwa mama njo anauzisha, bwana pia asaini.

"Mwenye lupango alikufa, batoto banauzisha." Uliza nani ni likidatere wa urithi na karatasi inayomtambua iko wapi. Kisha hesabu watoto wote, na wale wa inje ya ndoa waliotambuliwa, na wale wako Zambia. Mmoja akikosa kusaini, yeye njo utamkuta tribinali.

"Nimekwisha kulipa, sasa naambiwa iliuzishwa mara mbili." Usiende kupigana ku lupango. Beba karatasi zote kwa avoka siku hiyo hiyo. Kuuzisha nyumba isiyo yako ni kosa mu kode penale, linaitwa stellionat, na parke inaweza kufuata. Lakini usikawie. Mwenzako akifika mbele ku konservatere na certificat ikatoka kwa jina lake, sheria inaachia miaka miwili tu ya kuomba ifutwe. Ikipita hiyo, unabaki kudai malipo ya hasara, na yule aliyekula makuta yako mara nyingi hana tena kitu.

Tumalizie na jambo la shirika letu. Tulipotazama hesabu, tuliona kwamba kodi tuliyolipia familia mbili zilizopoteza nyumba ilipita bei ya kumlipa avoka akatafute mu kitabu. Kwa hiyo komite inaomba ruhusa yenu: tangu sasa, memba ambaye hana uwezo, sanduku limsaidie kulipa utafutaji ule mbele hajatoa makuta ya lupango. Na asiende peke yake, watu wawili wa komite wamsindikize, maana macho matatu yanasoma vizuri kupita moja lenye haraka. Wenzetu mnaotuunga mkono toka mbali, msaada wenu utaenda hapo kwanza.

Mama yetu alikuwa amekaa mstari wa mbele tulipokuwa tunasoma haya. Mwishoni alisimama, akasema neno moja tu: "Muandike majina yenu." Kura ya komite itakuwa mkutano ujao. Muje wengi.