KIPARA CHA DAWA SI KIPARA CHA MSIBA

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika)



Mwenyekiti kanipa dakika chache baada ya habari za pamba. Nataka kusema juu ya ugonjwa wa kansa, yaani saratani. Maneno yaliyosemwa kisimani juu ya mwenzetu aliyerudi kutoka Bugando hana nywele ndiyo yaliyonisimamisha.

Kwetu hapa mama akionekana kanyolewa kichwa chote, watu huuliza kafiwa na nani. Kama hakuna msiba yanaanza mengine: karogwa, ana ukimwi, huyo haponi. Mgonjwa akiyasikia anajifungia ndani, mwisho anakosa tarehe ya kurudi hospitali. Uvimbe haungoji. Basi tujue ukweli.

Dawa nyingi za kansa hupiga chembe za mwili zinazozaliana upesi. Kansa ni chembe za namna hiyo. Mashina ya nywele nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana nywele huanguka, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu tangu dozi ya kwanza. Mionzi yenyewe huangusha nywele pale tu ilipopigwa. Dawa zikiisha, kwa kawaida nywele huota tena katika miezi michache.

Ugonjwa huu hauambukizi kwa kukaa pamoja wala kula pamoja, na hauchagui mtu. Mwalimu Nyerere, aliyezikwa hapo Butiama, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa kansa ya damu. Watoto nao hupata kansa ya uvimbe wa taya, na wengi hupona wakiwahishwa na kumaliza dawa. Mtoto wa hivyo akirudi shuleni na kipara, asichekwe.

Sasa mgonjwa afanyeje?

1. Nywele azikate fupi mapema. Atumie mkasi au mashine, siyo wembe, maana wembe hukata ngozi.

2. Kichwa akioshe taratibu kwa sabuni isiyo kali. Dawa za kunyoosha nywele na rangi aziache. Mchana avae kofia au kitambaa laini cha pamba, jua ni kali. Usiku ajifunike, kichwa kitupu husikia baridi.

3. Ngozi iliyopigwa mionzi isisuguliwe, wala isipakwe mafuta au majani bila kumuuliza daktari. Nguo ziwe pana.

4. Akiwa na vidonda mdomoni, asukutue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja na chumvi nusu kijiko cha chai. Aache pilipili na ndimu. Ale kidogo kidogo mara nyingi: uji, viazi vilivyopondwa, samaki aliyetolewa miiba. Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Huyu aulizwe, maana hata harufu ya chakula yaweza kumtapisha.

5. Joto la mwili likifika 38, au akitetemeka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Dawa hupunguza askari wa damu wanaopigana na vijidudu. Tusimpe panadoli tukangoja asubuhi. Na mwenye mafua asiende kumtazama kwanza.

Sisi majirani tunayo kazi. Kutoka Musoma kupita Bunda, Lamadi na Magu hadi Mwanza ni nauli, na safari siyo moja. Huku nyuma shamba linaota majani na watoto wanataka maji. Naomba ushirika tupange zamu ya kupalilia, zamu ya kuchota maji, na mtu wa kumsindikiza kila tarehe yake. Majina yaandikwe kwa karani leo, kabla hatujatawanyika.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi kusikiliza redio, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Na sisi tusiishie kusikiliza.