Alama ya Sayansi Isimfungie Mtoto Mlango

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya kujitegemea katika mkutano wa elimu, Isiolo)

  Wengine mmetoka mbali, Merti na Garbatulla, na mmeacha mifugo na biashara. Hatutawachosha.

Leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alitujia na karatasi yake ya matokeo ya kidato cha nne. Alikuwa na C+. Alituambia anataka kusoma saikolojia chuo kikuu. Sisi tukaangalia Kemia, tukaona E. Tukamwambia, "Kijana, hiyo ni kazi ya madaktari. Rudia mtihani ama utafute kitu kingine." Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mahali. Kijana hakurudia, kwa maana karo ya kurudia haikuwepo. Sasa anaendesha bodaboda hapa mjini. Bodaboda ni kazi ya halali, lakini sio aliyoiomba. Tulimfungia mlango ambao hata haukuwa na kufuli.

Mwaka huu amekuja msichana wa kikundi kimojawapo chenu, na ombi ni lile lile. Matokeo yake ni haya: Kiswahili B+, Historia B, Dini B, Kiingereza C+, Biashara C, Biolojia D+, Hisabati D. Kemia ni D-, lakini hiyo haikuhesabiwa. Tangu mtihani wa 2023, gredi ya jumla hutokana na Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Ukijumlisha hayo saba unapata pointi 48 kati ya 84, na hiyo ni C+. Mama yake ametuuliza: je, auze mbuzi ili mtoto arudie, au mbuzi hao wawe nauli ya kwenda chuoni? Swali kama hilo halijibiwi kwa kubahatisha. Safari hii tumeuliza kwanza.

Jambo la kwanza: saikolojia ni nini? Ni elimu ya akili na tabia ya mwanadamu. Inachunguza jinsi mtu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoogopa na anavyojifunza, na kwa nini anafanya anavyofanya. Huko Leipzig, Ujerumani, Wilhelm Wundt alifungua maabara ya kazi hiyo mwaka wa 1879, na wengi huhesabu hapo ndipo ilianza kusimama kama elimu yenye miguu yake. Sasa, hapa kwetu ukitaja akili, mtu anafikiria Mathari, ile hospitali ya Nairobi iliyoanza kulaza wagonjwa wa akili mwaka wa 1910. Ndipo tunachanganya watu wawili. Yupo daktari wa magonjwa ya akili. Huyo husomea udaktari kwanza, kisha akaongeza masomo ya akili, na ndiye anayeandika dawa. Huyo bila Biolojia na Kemia hafiki. Halafu yuko mwanasaikolojia. Yeye hasomi udaktari na haandiki dawa. Kazi yake ni kupima, kusikiliza na kumsaidia mtu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Sisi tulimpima yule kijana kwa kipimo cha mtu wa kwanza, na yeye aliomba kuwa wa pili.

Jambo la pili: mlango unapimwaje? Serikali inataka C+ kwa anayeingia shahada. Anayepanga wanafunzi ni KUCCPS, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya JAB ile ya zamani. KUCCPS haiangalii gredi ya jumla peke yake. Kila kozi ina masomo yake manne ya kushindania. Katika vyuo vingi saikolojia hutolewa kama shahada ya sanaa, pamoja na masomo ya jamii. Kwa kozi za namna hiyo, kwa kawaida masomo manne ni haya: Kiingereza au Kiswahili, Hisabati au somo moja la sayansi, somo la jamii kama Historia, Jiografia au Dini, na la nne linaweza kuwa somo lingine la jamii. Kwa hivyo huyu msichana ana Kiswahili B+, Historia B na Dini B. Kwa nafasi ya pili anaweka Biolojia D+, maana inaizidi Hisabati yake. Hiyo D+ itampunguzia pointi, hatukatai, na chuo kinachokimbiliwa na wengi huenda kikamponyoka. Lakini kupunguziwa pointi si kufungiwa nje.

Hapo kuna mtego mmoja. Chuo kingine huita kozi yake shahada ya sayansi, au huweka sharti la gredi fulani katika Hisabati au Biolojia. Jina linaweza kufanana kabisa. Usijaze kozi kwa jina. Soma masharti ya kozi hiyo katika chuo hicho, yameandikwa hapo hapo mahali pa kuombea.

Jambo la tatu: kujaza kwenyewe. Ombi linajazwa kwa intaneti, na wengi wetu tunaenda saiba. Nenda na nambari ya mtihani na cheti cha kuzaliwa, na uende na machaguo yako yameandikwa kwenye karatasi. Yule kijana wa saiba ni mtu mwema, lakini yeye analipwa kwa kupiga chapa, si kwa kukuchagulia maisha. Kila kozi katika kila chuo ina nambari yake. Hakikisha nambari iliyoandikwa ndiyo ile uliyokuja nayo, kisha ondoka na nakala. Usiweke chuo kimoja tu chenye ushindani mkali ukangoja muujiza. Changanya: kimoja cha juu, kingine cha kati, na kingine unachojua utapata. Ukikosa mara ya kwanza, huwa kuna nafasi ya kurekebisha machaguo. Wengi huikosa kwa sababu wamerudi malishoni na simu haina chaji.

Na ambaye hakufika C+ afanye nini? Asilie. Aliye na C- anaweza kuomba diploma, na ziko diploma za ushauri nasaha na saikolojia. Akimaliza vizuri, vyuo vingi humpokea katika shahada. Njia hiyo ni ndefu, lakini anapita. Ila kabla ya kulipa hata shilingi, uliza kama chuo kimeidhinishwa. Kwa shahada, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa vyuo vya kiufundi, uliza TVETA. Kujua hivyo mapema ni heri kuliko kuuza ng'ombe halafu upewe cheti cha kufungia karanga.

Jambo la nne, na hili vijana mlisikie vizuri: hatukusema sayansi imekwisha. Ndani ya saikolojia kuna somo la takwimu, na kuna somo la ubongo na mishipa ya fahamu. Anayekimbia Hisabati atakutana nayo huko. Lakini si mambo ya kutisha. Mweka hazina wa kikundi akijumlisha maziwa ya wiki akagawanya kwa siku saba, ameshafanya takwimu. Msichana wetu ana miezi kadhaa kabla ya kuripoti. Aazime kitabu cha Biolojia asome ile sura ya neva, na afanye hesabu za wastani na asilimia kila jioni. Asingoje aaibike darasani.

Na wenye watoto katika mtaala mpya, kumbukeni sekondari ya juu ina njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Ulizeni kabla mtoto hajachagua, si baada ya mtihani.

Sasa mtu atauliza, kwani Isiolo inahitaji mwanasaikolojia? Sisi tuna kiu ya maji na barabara! Ndugu zetu, mlikuwepo katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokatika msimu baada ya msimu. Mnamjua mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi akabaki na fimbo. Siku hizi haongei. Mnawajua watoto wanaoshtuka usiku kwa sababu waliona uvamizi. Mwaka wa 2015 chuo kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu hakipatani na Katiba. Ni uamuzi wa huruma. Lakini mtu huyo asipopelekwa kituo cha polisi, atapelekwa kwa nani? Na akipata wa kumsikiliza, je, huyo atajua Kiborana? Kiturkana? Kisamburu? Kisomali? Uchungu wa moyo hausemwi vizuri kupitia mkalimani.

Ndiyo sababu tunamtaka mtoto wa hapa. Naye ajue pia kwamba Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka wanaofanya kazi hii wasajiliwe. Shahada ni mwanzo.

Basi, tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, andikeni kwenye kitabu cha kikundi majina ya watoto wote walio kidato cha nne, ili matokeo yakitoka tusimsahau mtu. Pili, chagueni mmoja anayesoma vizuri asindikizane na mtoto hadi saiba. Tatu, kabla ya kuitisha harambee, ulizeni mkopo wa HELB na basari ya kaunti, ili jasho la kikundi lifanye kile ambacho hizo hazifanyi: nauli, godoro, na chakula cha mwezi wa kwanza.

Kwa yule mama aliyeuliza juu ya mbuzi, jibu letu ni hili: usiuze kwa ajili ya kurudia. Ngoja majibu ya KUCCPS kwanza. Na yule wa bodaboda tumemtafuta. C+ yake haijaoza. Ametuambia atafikiria. Hatumlaumu kwa kutotuamini haraka, lakini tumemwambia kwamba safari hii tutakwenda naye.

 Sasa leteni maswali, na mwenye karatasi ya matokeo aitoe tuisome pamoja.