Kura Moja ya Chake Chake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)





Tumetakiwa tuseme juu ya daftari la wapiga kura. Tumeona kheri tusianze na daftari, bali tuanze na jimbo. Kwani daftari bila ya khabari ya jimbo ni orodha ya majina tu. Jimbo tulilolichagua ni Chake Chake, na khabari yake ni ya kura moja.

Uchaguzi wa mwanzo katika nchi hii ulikuwa wa Julai 1957. Viti vilivyogombewa katika Baraza la Kutunga Sheria vilikuwa 6 tu, na Pemba nzima ikapata 2, wakachaguliwa Bwana Ali Sharif na Bwana Muhammed Shamte. Wanawake hawakuwa na kura, na wanaume nao walipimwa kwa umri, kwa mali na kwa elimu. Walio wengi walikaa kando wakitazama.

Januari 1961 mambo yakapanuka. Viti vikawa 22, na mama zetu wakapanga mstari kwa mara ya kwanza. Vyama vilivyoshindana vilikuwa vitatu: Afro-Shirazi, Hizbu, na chama cha Watu wa Unguja na Pemba. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, Afro-Shirazi wakawa na viti 10, Hizbu 9, na chama cha tatu viti 3. Katika vile viti 10 vya Afro-Shirazi, kimoja kilikuwa cha Chake Chake, nacho kilipatikana kwa kura moja.

Natusimame hapa kidogo, mabibi na mabwana, tufanye hesabu kama wafanyavyo wenye maduka jioni wanapofunga. Wale watatu wa chama cha tatu waligawanyika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja akaenda kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, mizani imesimama katikati, na hapana upande ulioweza kuunda serikali. Sasa itoeni kura moja Chake Chake kwa huyu mtieni yule. Afro-Shirazi wangalikuwa na 9, na Hizbu 10. Kwa mgawanyiko ule ule ingalikuwa 12 kwa 10, na serikali ingalipatikana mwezi ule ule wa Januari. Uchaguzi wa pili usingalihitajiwa.

Lakini ulihitajiwa. Likaongezwa jimbo moja, viti vikawa 23, na watu wakarejea vituoni tarehe 1 Juni 1961. Afro-Shirazi wakapata 10, Hizbu 10, na chama cha tatu 3. Na kwa kuwa hawa wawili wa mwisho walikwisha kuungana, wakaunda serikali, na Bwana Muhammed Shamte akawa Waziri Kiongozi. Siku ile ya kura na siku zilizofuata, Unguja iliingia katika fitina, na watu 68 wakauawa. Hatusemi kuwa kura moja ya Chake Chake ndiyo iliyoua; chuki zilikuwapo kabla yake, na mwenye kuua ana dhamana ya mkono wake. Tunalolisema ni kuwa mlango wa Juni ulifunguliwa na sare ya Januari, na sare ya Januari ilifungwa kwa fundo la kura moja.

Asidhani mtu kuwa jambo hili ni ajabu ya Pemba peke yake. Tutazame Bara Hindi, katika jimbo la Nathdwara, mji wa hekalu mashuhuri la Shrinathji katika Rajasthan. Mwaka 2008 Bwana C. P. Joshi, kiongozi wa chama cha Congress katika Rajasthan, alikwenda kutetea kiti chake. Chama chake kilipata viti 96 katika 200, kikaunda serikali, naye alikuwa miongoni mwa waliotajwa kwa Uwaziri Mkuu wa huko. Lakini mwenyewe alipata kura 62,215, na mpinzani wake Kalyan Singh Chauhan akapata 62,216. Cheo akakishika Bwana Ashok Gehlot. Na lililo na mazingatio zaidi ni hili: mwaka 2018, baada ya miaka 10, Bwana Joshi alirejea katika jimbo lile lile akashinda, na mwaka 2019 akawa Spika. Mwaka 2023 wapiga kura wakamwondoa tena. Jimbo si milki ya mtu. Ni amana, hutolewa na hurejeshwa.

Turejee kwetu. Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi walipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Waliobaki wakapata 18. Hapo pana somo la pili, nalo ni kuwa wingi wa kura ni jambo moja, na mipaka ya majimbo ni jambo jengine. Anayechora mpaka ana kalamu iliyo nzito kuliko kura nyingi. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na watu wa visiwa hivi wakakaa miaka 32, tokea Julai 1963 hata Oktoba 1995, bila ya uchaguzi wa vyama vingi.

Mwaka 1995 majimbo yote 21 ya Pemba, Chake Chake likiwamo, yalikwenda kwa upinzani. Katika Urais, Dokta Salmin Amour alitangazwa kwa kura 165,271, na Maalim Seif Sharif Hamad kura 163,706. Khitilafu ni 1,565. Igawanyeni kwa majimbo 50 yaliyokuwapo: ni kura 31 na ushei kwa kila jimbo, yaani watu wa nyumba tano au sita. Ulipofika uchaguzi wa 2005, majimbo ya Pemba yalikuwa yamepunguzwa kutoka 21 hata 18, na ya Unguja yameongezwa kutoka 29 hata 32. Upinzani ukashinda Pemba yote, lakini Pemba yenyewe ilikuwa imepungua viti 3 kabla ya kupigwa kura hata moja.

Tunajua lililo katika nyoyo zenu. Mtatuuliza: Oktoba 2015 tulipiga kura, washindi wa majimbo wakapewa vyeti, na tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume akatangaza kuwa uchaguzi wote umefutwa, ukarejewa Machi 2016, basi kura moja ina thamani gani? Suali hili ni la haki, wala hatulidharau. Jawabu yetu ni kuwa mwizi havunji duka tupu. Kura ingalikuwa haina uzito, isingalifutwa. Na mwenye kukaa nyumbani kwa kukata tamaa amejifuta mwenyewe, bila ya kumpa mtu taabu ya kutangaza.

Dini yetu imetufunza kuwa ushahidi haufichwi. Kura ni ushahidi: unashuhudia kuwa fulani anafaa kubeba mambo ya watu. Basi mambo matatu tunakuusieni. La kwanza, kila mmoja alitazame jina lake katika daftari mapema, lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na kitambulisho chake kisomeke kama daftari. Wala asingoje siku ya kura kugundua kuwa ametoka. La pili, amtazame na jirani yake, khasa wazee na vijana wanaojiandikisha mara ya kwanza. La tatu, wakala wetu asiondoke kituoni hata ahesabu, asaini, na achukue nakala ya fomu. Kwani kura iliyokosa shahidi ni deni lisiloandikwa.

Yule mtu wa Chake Chake wa 1961 hakujua kuwa yeye ndiye. Hapana aliyemwambia asubuhi ile kuwa mizani ya nchi itamsimamia yeye. Alikwenda kama walivyokwenda wenziwe, akarudi kwake. Nasi hatujui ni nani miongoni mwetu atakayekuwa yeye. Na kwa kuwa hatujui, hapana mmoja wetu mwenye ruhusa ya kubaki nyumbani.