MUULIZE NA HASARA YAKE



Leo sikuleta habari ya mbolea wala ya dawa ya wadudu. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu hulipenda, nalo ni habari za maisha ya wakulima wenzetu. Kazi yangu mnaijua. Nakwenda huku na huku katika kisiwa chetu cha Unguja, leo Cheju, kesho Makunduchi, kesho kutwa Nungwi, daftari mkononi. Nikimkuta mtu nisiyemjua ambaye ameinuka kwa jasho lake, nakaa naye barazani, ananieleza, naandika. Kisha habari yake naileta kwenu ili mpate moyo.

Ni kazi njema. Lakini safari moja niliifanya vibaya, na mtu akaingia katika hasara. Yafaa mkijue kisa hicho, kwa sababu nanyi pia huchukua habari za wenzenu kila siku, dukani, kisimani, msikitini na ndani ya daladala.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Jambiani kuzungumza na wakulima wa mwani. Mnajua kwamba mwani ulianza kulimwa kwa biashara hapa Unguja mwaka 1989, katika pwani za Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Walioushika zaidi ni wanawake. Maji yakitoka wakati wa bamvua huingia pwani na vigingi vyao na kamba zao, wakafunga mbegu moja moja, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika.

Huko nikamkuta mama mmoja, nyumba yake imeezekwa bati, watoto wake wamesoma. Nikamwuliza, "Mama, haya yote umeyapata wapi?" Akanyoosha mkono kuelekea baharini. Akanambia kwamba amelima mwani wa aina mbili, ule mwembamba uitwao spinosamu, na ule mnene uitwao kotonii, ambao bei yake ni kubwa zaidi. Nikaandika: mwani, kotonii, bei nzuri, bati, skuli. Nikafunga daftari nikapanda gari. Juma lililofuata mkaisikia habari ile, na wengi mkaisifu.

Basi, mwaka haukuisha. Siku moja nipo katika daladala naelekea shamba, mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akaisikia sauti yangu. Akanigusa bega. "Ewe mwanangu, wewe siye yule bwana shamba wa redioni?" Nikamwambia, "Ndiye mimi, mama. Shikamoo." Akaitikia, kisha akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hadithi ulinipa, mwanangu. Lakini ulinipa nusu."

Akanieleza yaliyompata. Baada ya kunisikia alikopa fedha katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua kamba, akatafuta mbegu ya kotonii. Alifunga mwani wake karibu na ufuko, mahali maji yakitoka hubaki kidimbwi tu, kwa kuwa hana chombo wala hajui kuogelea. Ikaja kaskazi. Jua likayachemsha yale maji machache. Mwani ukaanza kuwa mweupe kwenye ncha, ukalegea, ukakatika, ukachukuliwa na maji. Alibaki na kamba na deni.

Ndugu wakulima, sikuwa na la kumjibu. Nilishuka kabla ya kituo changu.

Nikarudi Jambiani kwa mama yule wa kwanza. Nikamwuliza, "Mama, kotonii yako haijapata kufa hata mara moja?" Akacheka. "Imekufa mara mbili yote. Mara ya pili nililia." Nikamwambia, "Mbona hukunambia?" Akanambia, "Hukuniuliza."

Siku ile ndipo niliposikia habari nzima. Kotonii haivumilii maji ya moto. Inataka maji ya kina, yenye mwendo, yasiyopata joto sana. Spinosamu bei yake ni ndogo, lakini huvumilia zaidi, ingawa nayo hufa joto likizidi. Mama yule, baada ya hasara ya pili, alirudi kwenye spinosamu na huko ndiko aliko. Bati lake halikutoka katika mavuno mamoja. Lilichukua miaka tisa, bati moja moja, na katikati alikuwa akisokota kamba za makumbi na kuuza. Mimi niliiona nyumba nikamsahau mjenzi. Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilisimama mlangoni nikaenda kuwasimulia watu yaliyomo ndani.

Tazameni mfano wa mtu tunayemjua sote, marehemu Siti binti Saad. Kila mtu anajua kwamba alikuwa mwimbaji mkubwa, na kwamba mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Lakini yeye alizaliwa Fumba, katika nyumba ya watu maskini, akafinyanga vyungu na kuja navyo mjini kuviuza. Mjini alihamia mwaka 1911. Kutoka mwaka ule mpaka santuri za Bombay ni miaka 17. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake yakawa kitabu, nasi tukapata kumjua. Sasa mtu akimweleza mtoto wake habari za santuri tu, akaacha vyungu, akaacha njia ya Fumba na ile miaka 17, atakuwa amemwonyesha tunda akamficha mizizi. Mtoto atataka kuchuma pasipo kupanda.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukikutana na mtu aliyefanikiwa, usimwonee haya wala usimwonee choyo. Kaa naye, lakini muulize maswali haya matano.

Kwanza, alianza na nini mkononi? Shamba lilikuwa la nani, fedha ilitoka wapi, nani alimsaidia kazi?

Pili, ilimchukua muda gani? Mtu hukwambia "nikapanda, nikauza, nikajenga" kwa pumzi moja, na kumbe ni miaka kumi.

Tatu, nini kilimharibikia? Muulize na hasara yake. Ukiuliza kwa adabu, watu wengi watakwambia, kwani hasara ni mzigo na mwenyewe hupenda kuutua.

Nne, baada ya hasara alibadilisha nini? Hapa ndipo lilipo somo lenyewe.

Tano, mahali pake pana nini ambacho kwako hakipo? Maji ya kina si maji ya kidimbwi. Bonde la mpunga si ardhi ya maweni. Mbegu moja katika mahali pawili ni kazi mbili.

Na ukishaisikia habari yote, usikimbilie kuitia katika shamba zima. Kuna mzee mmoja wa Cheju aliyesikia juu ya kilimo shadidi cha mpunga, kile cha kupandikiza miche michanga, mmoja mmoja, kwa kuachana sentimita 25. Majirani walimcheka kuona miche imesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Lakini mzee yule alifanya jaluba moja tu, mengine akapanda kama alivyozoea. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Likifa hili moja, wanangu watakula." Naona maneno ya mzee yule yanafaa kuandikwa katika kila daftari la bwana shamba. Mwenye mwani naye aanze na kamba tano, si hamsini, tena asianze kwa fedha ya deni.

Jambo la mwisho. Habari ya mtu ni mali yake. Kabla ya kuipeleka kwingine, msomee mwenyewe, akubali, akurekebishe. Siku hizi ndivyo nifanyavyo, na mara nyingi ni wakati wa kumsomea ndipo mtu husema, "Ngoja, hapo umeacha jambo."

Nawashauri nanyi mfanye hivyo katika vikundi vyenu. Mwaka 1973, huko Tanzania Bara, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio peke yake haichimbi choo. Kaeni hivyo hivyo, mara moja kwa mwezi, mkulima mmoja aeleze mwaka wake ulivyokuwa, faida na hasara, na wengine wamwulize yale maswali matano.

Mtataka kujua mwisho wa yule mama wa daladala. Nilimpeleka Jambiani, wakakaa pamoja mama wawili mpaka maji yakajaa, mimi nikiwa pembeni na daftari. Deni lake alilimaliza kwa kusuka ukili. Kamba zake ameziweka tena baharini, safari hii kwa spinosamu. Nyumba hajajenga. Wote wawili wameniruhusu nieleze habari hii bila ya majina yao, na wote wawili nimewasomea kabla ya kuja hapa.

Basi, ndugu wakulima, mimi bwana shamba wenu nasema kwaherini, mpaka tutakapokutana tena. Na kama mliichukua habari ile ya mwanzo kwangu, tafadhalini ongezeeni nusu yake hii iliyobaki.