Gari ya otomatiki: tuangalie bwate mbele ya rangi

Haya ni maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu wanaosoma jarida hili kutoka mbali.



Komite ilituomba tuongee juu ya gari. Tunajua kuna wenye walikunja uso walipoona neno hilo kwenye ajenda, na wako na haki. Mara ya kwanza, sisi watu wa terren ndio tuliosema, "Nunueni hii." Kwa hiyo tuanze na ukweli, halafu tuingie kwenye mpango.

Ile gari mnaikumbuka. Ilikuwa nyeupe, safi, redio inaimba, klimatizeri inapuliza. Muuzaji akatuambia, "Hii iko muzuri kabisa, ya otomatiki, hata mtoto anaweza kuiendesha." Tuliizungusha mara mbili kwenye barabara ya tambarare, tukapeana pesa. Hatukuuliza bwate yake ni ya aina gani. Ilipohitaji mafuta ya bwate, tuliingia dukani tukachukua chupa ya bei nafuu, kwa kuona tu ni mafuta mekundu ya otomatiki. Miezi mitatu haikuisha. Siku inatoka Fizi na mama mjamzito ndani, ilifika kwenye kilima, moteri ikalia kwa nguvu, gari ikakataa kwenda. Mama yule alimalizia safari juu ya pikipiki. Tunamshukuru Mungu, alijifungua salama.

Makanisye alipofungua bwate alitikisa kichwa tu. Mafuta tuliyotia hayakuwa yake. Gari imelala katika uwanja wa garaji mpaka leo, na mama mmoja wa kesi anatuuliza kila mwezi, "Ile pesa yetu iko wapi?" Jibu ni kwamba iko pale garaji, na sisi ndio tuliiweka pale. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tunaokaa Baraka tulipaswa kujua hilo kuliko wengine.

Sasa mtauliza: kama otomatiki ilituchoma, kwa nini turudi kwenye otomatiki? Kwa nini tusinunue gari ya vitesi vya mkono, tumalize?

Sababu ya kwanza imekaa hapa mbele yenu, na ametupa ruhusa tumtaje bila jina. Papa huyu aliendesha malori mbele ya vita. Hakuna mtu katika mutualite anajua barabara ya Uvira kama yeye. Lakini mguu wake wa kushoto hauna nguvu tena. Gari ya vitesi vya mkono inataka mguu huo kila dakika, kwa kukanyaga ambreyaji, ile tuliyokuwa tunaita klachi kule kambini Tanzania. Otomatiki haina ambreyaji ya kukanyaga. Iko na pedali mbili tu, ya kwenda na ya freni, na zote ni kazi ya mguu wa kulia. Kwa hiyo tukinunua otomatiki, tunapata gari na dereva pamoja. Tukinunua ile nyingine, tutaajiri mtu wa nje, na papa atabaki kukaa mbele ya nyumba.

Sababu ya pili ni mamama watatu wanaotaka kujifunza kuendesha. Kwenye otomatiki mtu anajifunza barabara na usukani bila kupigana na vitesi. Mgonjwa wa usiku hasubiri dereva mmoja atoke safari.

Tusidanganyane lakini. Otomatiki ya zamani inakunywa mafuta kidogo zaidi kuliko ya mkono. Bwate yake ikiharibika inatengenezwa kwa bei kali. Na kuna jambo moja tulizoea hapa ambalo halikubali: kusukuma. Betri ikikufa, hata vijana ishirini wasukume mpaka jioni, moteri haitawaka. Kwa hiyo betri nzuri kwetu ni lazima.

Basi tuseme juu ya hiyo bwate, maana kosa letu lilikuwa hapo. Wenye walisomea ufundi Tanzania wanaita giaboksi, makanisye wa Uvira anaita bwate, ni kitu kimoja. Kwenye magari ya bei yetu tutakutana hasa na bwate za otomatiki za aina mbili. Ya kwanza iko na vitesi vya kuhesabika, mara nyingi vinne, na nguvu ya moteri inapita katika mafuta yanayozungushwa kwa kasi. Ya pili haina vitesi vya kuhesabu. Iko na mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Hii ya mkanda inaitwa CVT. Si bwate mbaya; inapunguza matumizi ya mafuta na inakwenda taratibu bila kushtuka. Lakini inataka mafuta yake yenyewe ya CVT. Ukitia mafuta ya kawaida ya otomatiki, unaiua. Na makanisye wote tuliowauliza, ile ya vitesi vinne wanaijua kwa mikono yao. Ile ya mkanda wanaiogopa.

Hapa ndipo mtu anadanganyika na mwaka. Tunadhani gari ya mwaka wa karibu ni bora kila wakati. Angalieni Toyota Probox na ndugu yake Succeed. Zilianza kutoka mwaka 2002, na otomatiki zake zilikuwa za vitesi vinne. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2014 zikaingia CVT. Corolla Fielder iliyotoka kati ya 2000 na 2006 iko na vitesi vinne. Iliyofuata, nyingi ni CVT. Noah nayo, tangu 2004 nyingi ziligeuka CVT. Kwa hiyo kwa barabara yetu na kwa makanisye wetu, gari ya zamani kidogo inaweza kuwa chaguo la akili kuliko ile inayong'aa.

Namna ya kujua ni rahisi. Fungua boneti ya Toyota, tafuta kibao cha chuma chenye namba ya shasi. Kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Kodi ya bwate ikianza na herufi A au U, hiyo ni ya vitesi. Ikianza na K, ni ya mkanda. Piga picha ya kibao hicho, itume kwa makanisye mbele ya kuongea bei.

Halafu ipimeni gari, na msikubali kuharakishwa. Tuliandika mambo sita.

Kwanza, fikeni asubuhi na mguse boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hamjafika. Rudini siku nyingine, maana ugonjwa mwingine unaonekana wakati gari iko baridi tu.

Pili, geuzeni ufunguo bila kuwasha moteri. Taa ya moteri lazima iwake, halafu izime moteri ikishawaka. Kama haiwaki kabisa, huenda mtu aliitoa ili kuficha ugonjwa. Kwenye Toyota nyingi za zamani, taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, bwate inalia.

Tatu, kanyageni freni, toeni N kwenda D, halafu N kwenda R. Gari ishike upesi na kwa upole. Ikichelewa, au ikipiga kishindo, achaneni nayo.

Nne, vuteni kijiti cha kupimia mafuta ya bwate, moteri ikiwa ya moto na inazunguka, gari kwenye P, mahali pa tambarare. Mafuta mazuri ni mekundu na yanapitisha mwanga. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, bwate imechoka. Yakifanana na maziwa ya rangi ya waridi, maji yameingia. Sisi wa mito ya kati ya Mboko na hapa tunajua maji yanaingia namna gani.

Tano, ipandisheni kilima, mkiwa watu wanne ndani. Barabara ya tambarare ndiyo ilitudanganya. Kama moteri inapanda sauti na gari haiongezi mwendo, bwate inateleza. Mjaribu pia kupanda kinyumenyume.

Sita, msiamini namba za kilometa peke yake, zinarudishwa. Angalieni mpira wa pedali ya freni, usukani na kiti cha dereva. Gari inayosema imetembea kidogo huku pedali imelika, inasema uongo.

Sasa bei. Bei ya Japani si bei ya Baraka. Kuna meli mpaka Dar es Salaam, kuna bandari, kuna safari mpaka ziwani au kupitia nchi za jirani, kuna duane, kuna plaki, kuna asiransi. Nyingi ya gari hizi usukani uko kulia, na sisi Kongo tunatembea upande wa kulia wa barabara. Dereva wa namna hiyo haoni vizuri kinachokuja mbele akitaka kupita lori, kwa hiyo lazima mtu akae pembeni yake amwambie. Na kabla ya kutuma hata dola moja, komite iende duane iulize kwa maandishi: gari ya umri huu na ya usukani wa upande huu inaruhusiwa? Masharti yanabadilika, na jibu la rafiki si karatasi.

Pendekezo letu ni hili. Kwa kila dola 100 zilizo kwenye mfuko wa gari, tusiguse zaidi ya 70 kwa gari yenyewe pamoja na usafiri na duane. Zile 30 zibaki kwa mafuta mapya ya bwate, betri, pine, asiransi, na siku ya kuharibika. Kama 70 hazifiki kwenye Probox nzuri, tusubiri. Mgonjwa ataendelea na pikipiki miezi michache zaidi, na hilo linatuuma kulisema. Lakini gari inayokufa njiani naye ndani inauma zaidi.

Tunaelekea kwenye Probox au Succeed ya kabla ya 2014, ya vitesi vinne. Viti vya nyuma vinalala, mgonjwa anaweza kunyooka, na siku za soko inabeba mizigo ya wanachama. Spea zake mnaziona kila mahali.

Ikifika, itakuwa na sheria, na tutazibandika mbele ya dereva. Kutelemka kutoka Fizi, weka 2 au L, moteri isaidie freni. Ni marufuku kuweka N ili kubana mafuta. Usitoe D kwenda R mbele ya gari kusimama kabisa. Ukisimama kilimani, vuta freni ya mkono kwanza, halafu weka P. Mto ukiwa umejaa, ngoja upungue. Gari ikikufa, isivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka chini, kwa sababu moteri ikizima pampu haipeleki mafuta kwenye bwate, inyanyuliwe mbele. Kama ni ya kuvuta magurudumu yote manne, ibebwe nzima juu ya lori. Na mafuta ya bwate yatanunuliwa kwa jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kwa rangi ya chupa.

Neno la mwisho. Safari hii sisi watu wa terren hatutashika pesa, na hatutasema "nunueni". Tunaomba mchague watu wanne: papa dereva, kwa sababu ndiye ataikalia, mama mmoja wa kesi, kwa sababu anajua kukataa, makanisye asiyejuana na muuzaji, na mwanachama mmoja mwenye aliyepinga gari tangu mwanzo. Wote wanne waweke saini. Mmoja akikataa, pesa inabaki kwenye sanduku.

Na nyinyi wafadhili, sehemu ya pesa iliyolala garaji ilikuwa yenu. Hatuwaombi mwisahau. Tunaomba mtupe muda wa kuchagua polepole, na mkubali hesabu yetu iwe na mstari wa matengenezo. Mara ya kwanza mstari huo haukuwepo, na sisi ndio tuliuondoa ili mradi uonekane wa bei ndogo.

Pale kambini tulizoea gari ya watu wengine kutubeba na kutushusha mahali wanapotaka. Hii itakuwa yetu. Tuichague kama watu wenye watailipa wenyewe.

Sasa tunasikiliza maulizo, na mama wa kesi aanze.