Jifunze Lugha ya Kompyuta kwa Kutengeneza Programu Ndogo ya Bamvua

 

Vijana wengi wa Malindi, Kilifi na Mtwapa wanatamani kujua kuandika programu za kompyuta. Hutazama masomo na kunakili mifano, kisha hukwama siku wanapoachwa peke yao mbele ya kioo kitupu. Anayenakili hajaamua jambo lolote mwenyewe. Dawa yake ni kuchagua kazi moja ndogo yenye manufaa na kuimaliza.

Hapa Pwani kazi hiyo ipo. Mvuvi wa Ngomeni au Takaungu hujua siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuhesabu mwezi. Mama anayetafuta pweza mwambani husubiri bamvua, maana ndipo maji hupwa mbali na miamba kuonekana. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwa mistari isiyozidi thelathini ya Python, lugha ya bure iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum.

Programu ya namna hii haina picha wala vitufe. Mtumiaji huandika amri na tarehe, kisha hupata jibu la maandishi:

python3 bamvua.py 2013-11-03

Hesabu yenyewe ni hii. Tangu mwezi mpya mmoja hadi mwingine hupita siku 29.53. Tarehe 6 Januari 2000 mwezi ulikuwa mpya. Programu huhesabu siku zilizopita tangu siku hiyo, huzigawanya kwa 29.53, na kubaki na salio. Salio ndilo umri wa mwezi. Bamvua hufikia kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu. Kwa hiyo umri wa siku 0 hadi 3, au 15 hadi 18, programu hujibu "bamvua". Siku 7 hadi 10, au 22 hadi 25, hujibu "maji mafu". Siku zilizobaki ni za katikati.

Ndani ya kazi hiyo fupi mna karibu misingi yote ya lugha. Kusoma tarehe hufundisha tofauti ya maandishi na namba. Salio hufundisha hesabu. Kuchagua jibu hufundisha masharti. Mtu akiandika tarehe 31 Februari, programu itaanguka, na hapo mwanafunzi hujifunza kushughulikia makosa na kumjibu mtumiaji kwa lugha anayoielewa.

Kisha huja jaribio. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa na tukio hilo likaonekana Turkana. Jua hupatwa wakati wa mwezi mpya tu. Kutoka 6 Januari 2000 hadi siku hiyo ni siku 5,050. Miezi 171 ya siku 29.53 ni siku 5,049.63. Salio halifiki nusu siku, kwa hiyo hesabu imekubali. Programu ikitoa jibu jingine, kosa limo katika maandishi ya mwanafunzi, na kulitafuta ni somo kubwa kuliko yote.

Jaribio la pili ni kwenda kwa mzee wa bahari. Huenda akapishana na kompyuta kwa siku moja au mbili, kwa sababu yeye huanza kuhesabu mwezi mwandamo unapoonekana kwa macho, nayo programu huanza mwezi ukiwa bado haujaonekana. Hakuna aliyekosea. Kijana ataamua atumie hesabu ipi, na aiandike wazi ili mtumiaji aijue.

Hapa pana jambo la uhai. Programu hii inajua mwezi tu. Haijui upepo wa kusi, mawimbi, wala hali ya chombo. Haitoi hata saa ya maji kujaa, na mtu aliye mwambani maji yakirudi anaweza kuzingirwa. Kwa hiyo isiandikwe kamwe neno "salama" katika jibu lake. Kwa safari ya baharini, mvuvi afuate jedwali rasmi la maji kupwa na kujaa, utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na ushauri wa kikundi cha usimamizi wa ufuo wake. Mtengenezaji mwema husema pia mipaka ya alichotengeneza.

Gharama si kubwa. Kompyuta ya zamani inatosha, na Python ikishawekwa, programu hii haihitaji intaneti. Wazazi wasidhani kijana anacheza anapokaa mbele ya kioo cheusi chenye maandishi. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi wawili wawili kazi hii kwa wiki mbili.

Pwani hii si ngeni kwa hesabu za anga. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Kijana wa leo anaweza kuanza na kazi ndogo zaidi: tarehe moja, salio moja, na jibu ambalo jirani yake anaweza kulihakikisha ufuoni.