Kutoka Hormuz hadi Utemini

Msikilizaji wa Utemini hapa Singida, vita vya Israel na Iran vya Juni 2025 vilidumu siku 12 tu, lakini vilitugusa. Dizeli yetu huja kwa meli, zikiwemo zinazotoka Ghuba ya Uajemi, na wakati wa amani takribani asilimia 20 ya mafuta yanayotumika duniani hupita mlango-bahari wa Hormuz. Pakichafuka pale, bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huweza kupanda. Kisha hupanda gharama ya kukodi trekta, nauli, na gharama ya kusafirisha alizeti ya Singida. Mkulima hana kosa lolote! Badala ya kutegemea dizeli ya nje pekee, gesi asilia yetu ya Songosongo tunayo tangu 2004. Serikali, ifikisheni kwenye magari ya mikoani, na muweke akiba ya mafuta ya kutosha.